Mtu wa vijiti wa Butembo na mzigo wake

Ukifungua programu ya Pivot kwenye kompyuta, kabla hujagusa chochote unamkuta mtu amesimama katikati ya ukurasa mweupe. Kichwa chake ni duara, kiwiliwili ni mstari mmoja, mikono na miguu ni mistari miwili miwili, na kwenye kila kiungo kuna nukta nyekundu ya kushikia. Ukivuta nukta nyekundu, goti linakunjika au mkono unainuka. Ukivuta ile moja ya rangi ya chungwa, iliyo kiunoni, mtu mzima anahama. Unamsogeza kidogo, unahifadhi picha, unamsogeza tena, unahifadhi nyingine, na baada ya picha kumi na mbili ameshapiga hatua zake. Programu hii ilitungwa na Peter Bone wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inapatikana bure, na kompyuta kuukuu iliyoshindwa kazi nyingine bado inaiweza. Kwa wenye simu ipo Stick Nodes, iliyotoka mwaka 2014 kwa mtindo uleule. Kwa hiyo kijana wa Butembo au Beni, huku Kivu Kaskazini, anayetaka kuanza kutengeneza katuni hana haja ya kungoja studio ijengwe. Tatizo ni yule mtu mwenyewe. Hajabeba kitu. Mgongo wake umenyooka, chini yake ni tambarare, na mikono yake haina kazi. Hoja yangu ni kwamba tumwache hapo alipo. Anayejifunza katuni katika miji hii miwili aanze kwa kuunda mtu wake, kiungo kwa kiungo, kwa sababu elimu kubwa ya kazi hii imo katika kuamua mwili unakunjika wapi, na hapo ndipo maisha ya watu wa huku yanapopata mlango wa kuingia katika picha.

Tuangalie kwanza kuunda kwenyewe kunafanyikaje. Programu hizi zina ukurasa wa pembeni wa kutengenezea watu wapya. Unaanza na kijiti kimoja, unaunganisha kingine kwenye ncha yake, unaongeza duara panapotakiwa, unapanga urefu na unene. Kuna sheria moja ambayo anayeanza hugongana nayo mapema: kila kijiti kina mzazi mmoja tu. Paja likigeuka, muundi na wayo vinafuata. Wayo ukigeuka, paja halina habari. Kwa hiyo kabla ya kuchora lolote inabidi ujiulize nini kinabebwa na nini. Je, mkono unaanzia shingoni, kama kwa yule mtu wa mwanzo, au mabega yapewe kijiti chao? Mgongo uwe mstari mmoja, au uvunjwe mara mbili ili mtu aweze kuinama? Kipo pia kijiti kinachogandishwa, yaani kinakwenda na mzazi wake bila kupinda, na hicho ndicho kinachofaa kwa mguu wa kiti, mpini wa jembe au bidoni ya maji. Kijana wa miaka 14 anayejibu maswali hayo anasoma mwili wa binadamu na nguvu zinavyopita ndani yake, ingawa daftari lake halina kichwa cha somo. Anayechukua mtu aliyekwisha kutengenezwa anayaruka maswali yote, na majibu ya mwingine yanabaki ndani ya kazi yake bila yeye kujua.

Huenda mtu akasema hizo ni tofauti ndogo, kwamba mistari ni mistari tu. Sayansi imeonyesha vingine. Katika miaka ya 1880 mjini Paris, Étienne-Jules Marey alitaka kujua mtu anatembeaje hasa, akaona nguo na nyama vinamzuia kuona. Akamvalisha mtu nguo nyeusi mwili mzima, akabandika michirizi inayong'aa kando ya mikono na miguu, akampitisha mbele ya ukuta mweusi na kupiga picha nyingi juu ya bamba moja. Kilichobaki kwenye bamba ni vijiti vinavyotembea. Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Uswidi akaenda mbali zaidi: akaondoa hata mistari, akaacha taa ndogo kumi na kitu kwenye viungo vya mtu gizani. Taa zikitulia, watazamaji hawakuona kitu cha maana. Mtu alipoanza kutembea, walimtambua kuwa ni binadamu papo hapo. Miaka minne baadaye, James Cutting na Lynn Kozlowski walionyesha kwamba watu wanaweza hata kutambua rafiki zao kwa taa hizo peke yake, kwa mwendo tu. Sura haikuwapo, wala nguo, wala sauti. Basi mahali kiungo kilipo, na jinsi kinavyozunguka, panatosha kubeba mtu na habari zake. Panatosha pia kumpoteza, pakikosewa.

Sasa twende kwa mama anayepanda kutoka sokoni Butembo na kitunga mgongoni, mkanda umepita kipajini. Je, anatembea kama yule mtu wa Pivot, ila polepole zaidi? Hapana, na jambo hili limepimwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake uliofanyika Kenya, kwa wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo juu ya kichwa na wanawake wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda wa kipajini. Walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu za ziada zinazoweza kupimika. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu: mwili unaotembea huyumba kama timazi, unapanda na kushuka, na wanawake hawa wakiwa na mzigo hupoteza nguvu pungufu katika kuyumba huko kuliko watu wasiozoea. Mwaka 2005 wapagazi wa Nepal, wanaotumia mkanda wa kichwani, walipimwa nao, na wanaume wakaonekana kubeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao. Mwendo wa kubeba ni ujuzi wa mwili uliokomaa kwa miaka. Mtu aliyeundwa bila mzigo hawezi kuuonyesha, hata ukimbandikia kikapu mgongoni.

Kwa hiyo mama huyo aundwe upya. Kiuno kiwe mzizi, kama kawaida, lakini mgongo uwe vijiti viwili, na cha juu kilale mbele. Shingo igandishwe: mwenye mkanda kipajini hageuzi kichwa ovyo, shingo yake inasukumana na mzigo kila hatua. Kitunga kiwe mtoto wa kijiti cha juu cha mgongo, kigande hapo. Mkanda ndio unaoleta shida, kwani unashika pande mbili, kipaji na kitunga, na kijiti hakiwezi kuwa na wazazi wawili. Njia ni kuutoa kwenye kitunga na kuufikisha kipajini bila kuufunga. Kwa kuwa shingo imegandishwa, mkanda hautaachana na kipaji. Miguu ipewe nyayo ndefu kidogo, kwani kwenye mlima wayo ndio unaosema mengi. Halafu muda. Kama unaonyesha picha 12 kwa sekunde, hatua moja ya mtu anayetembea mikono mitupu kwenye tambarare huchukua picha 6 hivi. Kwa mama huyu anza na 8 au 9, ufupishe hatua, upunguze kuruka kwa kiuno. Mkono mmoja unaweza kwenda nyuma kushika sehemu ya chini ya kitunga. Ukimaliza hapo, hata bila kikwembe na bila uso, mtu wa huku kwetu Lubero atajua ni nani huyo.

Chukudu inafundisha zaidi. Ni baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, yenye magurudumu mawili na usukani mrefu, inayobeba makaa, kabichi na viazi kwenye milima ya Kivu Kaskazini. Goma wameijengea hata sanamu. Mwendeshaji anapiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili, mikono juu kwenye pembe za usukani. Kwenye mteremko anasimamisha kwa kukandamiza kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma. Ukitaka kuiunda, swali linarudi kwa nguvu: nani mzazi wa nani? Njiani kwenye tambarare, mtu ndiye anayeisukuma chukudu. Kwenye mteremko, chukudu ndiyo inayombeba mtu. Mwanafunzi atalazimika kuunda viumbe viwili, gari na mwendeshaji, kisha aamue katika kila tukio nani amshike mwenzake, na kuhakikisha goti halitoki ubaoni picha hadi picha. Hakuna hifadhi ya mtandaoni itakayomletea jibu hilo limeiva. Ukienda kwenye makusanyo ya watu wa vijiti yaliyotengenezwa na wengine utakuta mapanga, bunduki, mabawa na miali ya moto kwa wingi, kwani katuni za namna hii zimekua duniani kwa hadithi za mapigano. Mtoto wa London anaweza kuchukua panga hilo kama mchezo. Mtoto wa Beni, ambako mauaji ya raia kwa mapanga yamekuwa yakitokea tangu Oktoba 2014, anastahili kupewa kitu cha kwanza tofauti cha kutia mkononi mwa mtu wake.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba hii ni michoro ya kitoto, na kwamba watu wetu wanataka katuni zenye sura, rangi na nguo kama zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Historia ya fani yenyewe inalijibu. Filamu ya Émile Cohl ya mwaka 1908, *Fantasmagorie*, inayohesabiwa kati ya katuni za kwanza kabisa, imetengenezwa kwa michoro 700 hivi ya mistari mitupu, na mtu wake wa vijiti anaishi mpaka leo. Ya kwetu Kongo yana funzo zaidi. Katika miaka ya 1950 padri Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, swala mdogo mwerevu wa hadithi zetu, kwa ajili ya Wakongo. Hadithi ilikuwa ya huku, mkono ulikuwa wa kule. Ilibidi kungoja Jean-Michel Kibushi, aliyeanzisha studio yake ya Malembe Maa mwaka 1988, ili Mkongo ajitengenezee za kwake. Na mwaka 1992, alipotaka kusimulia uporaji uliotikisa Kinshasa Septemba 1991, alitumia michoro ya watoto waliouona. Mistari ile haikuwa stadi, ila ilikuwa ya walioshuhudia. Kibushi hakuidharau, akaisogeza ikaishi, na filamu hiyo, *Septembre noir*, imebaki.

Tena hapa kwetu kukosa sura kuna faida ambayo watu wa mbali hawaioni upesi. Picha za maiti za Beni zimepita kwenye simu za watu mpaka watoto wamezizoea, na kila picha ina mama wa mtu ndani yake. Anayetaka kueleza yaliyotokea kijijini bila kumvua marehemu heshima, na bila kumweka shahidi hatarini kwa sura yake, ana mtu wa vijiti. Mistari haina kabila. Katika eneo ambalo mgeni anaweza kushukiwa kwa umbo la uso tu, chombo kinachosimulia kitendo bila kumnyooshea mtu kidole ni cha thamani kubwa.

Ugonjwa wa Ebola ulituachia ushahidi mwingine. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa, wengi wao katika maeneo haya yetu. Chanjo ilikuwapo, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Kilichopungua ni imani. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na usalama, na watu wakauliza ugonjwa gani huu unaochagua kura. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Kameruni aliuawa Butembo akiwa kazini. Sababu zilikuwa nyingi na nzito, na si katuni ambayo ingezimaliza. Lakini moja ya sababu ni kwamba maneno na picha vilikuja kutoka nje. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza jambo hili mwaka 2019, lilikuta kwamba Kifaransa na Kiswahili cha vitabuni vinawaacha watu wengi nje, na kwamba watu walitaka kuambiwa kwa lugha wanayoizungumza. Mwendo nao ni lugha. Filamu ya dakika moja isiyo na maneno, ambamo motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anasimama, anashuka, ananawa kwenye ndoo yenye bomba, na abiria wake mwenye homa anapelekwa kituoni huku jamaa wakimwona, inaeleweka na bibi asiyejua ila Kinande. Lakini ataiamini zaidi akimwona motari anayekaa kama motari wa kartiye yake: mbele kabisa juu ya tangi, kwa kuwa nyuma kuna watu wawili na gunia.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la vita. Shule zimefungwa vijijini, familia zinalala kwa wenyeji, mashamba yameachwa. Na ninyi mnazungumza vijiti? Nalichukua kwa uzito wake. Katuni haizuii panga, na anayewaahidi vijana hivyo anawadanganya. Ninachosema ni kidogo na ni cha kweli: mtoto aliyekimbia ana saa nyingi mchana zisizo na kazi, na kazi hii inataka simu moja na mwalimu mmoja. Inamrudishia kitu ambacho kukimbia kumemnyang'anya, yaani uwezo wa kuamua kitu kifuate nini. Katika ukurasa ule yeye ndiye anayepanga nani amefika salama. Wengine wataeleza mambo hayo kwa maneno ya kitabibu. Kwa mwalimu inatosha kuona mtoto aliyekuwa kimya akibishana na mwenzake kwamba goti la mbuzi halikunjiki upande huo.

Wapo pia wanaosema wakati umeshapita, kwamba programu za akili mnemba sasa zinatengeneza filamu kwa sentensi moja. Zinatengeneza, kwa mwenye intaneti ya uhakika na dola za kulipia. Lakini zinajifunza kutokana na picha zilizopo, na picha za Beni zilizojaa duniani ni za askari, wakimbizi na misalaba. Ukiiomba mashine mama wa Kivu, itakupa kilichokwisha kupigwa picha na wageni. Kijana aliyewahi kuunda mtu wake atajua mashine imekosea wapi, kwamba mkanda umewekwa kooni au kwamba mwendesha chukudu ameketi kama juu ya pikipiki. Asiyewahi ataipokea. Kuhusu soko sina mengi ya kusema: leo katuni hailishi mtu Butembo, na anayeingia kwa kutegemea faida ya haraka atavunjika moyo.

Ombi langu ni kwa walimu wa sekondari, kwa wanaofundisha kompyuta kwenye vituo vya vijana, na kwa vyuo vyetu, kuanzia Graben hapa Butembo hadi Chuo Kikuu cha Kikristo cha lugha mbili, UCBC, kule Beni. Siku ya kwanza ya somo msifungue kompyuta. Wapelekeni wanafunzi barabarani saa moja, kila mmoja achague mtu mmoja anayefanya kazi, ahesabu viungo vinavyokunjika na vile vilivyokaza, aandike. Siku ya pili waunde mtu huyo. Halafu kazi zao ziwekwe pamoja, mama mwenye kitunga, mwendesha chukudu, motari, mponda sombe, fundi mashine ya kushona, ziwe mali ya kila anayetaka kuzitumia, na walioziunda waweke majina yao. Hakuna sababu mkusanyo wa namna hiyo usipite kutoka Butembo hadi Beni kwa flashi moja, siku ambayo intaneti imekatika. Mtu wa vijiti akihifadhiwa hana picha ndani yake, ana orodha tu ya urefu, pembe na unene. Faili lake ni dogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu.